Bwawa la Wote, Kura ya Wachache

Katika miaka ya 1960, baadhi ya wenye nyumba wa Sunnyside Gardens, mtaa wa nyumba za matofali ulioko Queens, New York, walianza kujenga ua katikati ya bustani. Kwa miaka 40 bustani hizo hazikuwa na mpaka. Nyuma ya kila safu ya nyumba palikuwa na uwanja mmoja mrefu wa nyasi na miti, na mtoto wa nyumba ya kwanza angeweza kukimbia hadi nyumba ya mwisho bila kuulizwa anakwenda wapi. Masharti yaliyolinda uwanja huo yalipofikia ukomo, aliyetaka ua akaweka ua. Mwingine akasakafia mbele ya nyumba yake apate pa kuegesha gari. Hawakuvunja sheria yoyote, maana ardhi ilikuwa yao tangu mwanzo na kilichokuwa cha wote kilikuwa ni ruhusa tu, tena ya muda.

Ng'ambo ya mto Hudson, katika mji wa Fair Lawn, jimbo la New Jersey, uko mtaa mwingine uliojengwa na kampuni ileile kwa mikono ya wasanifu walewale. Unaitwa Radburn. Huko bustani za pamoja zipo hadi leo. Lakini kwa karibu miaka 90 mkazi wa kawaida wa Radburn, aliyelipa ada kila mwaka bila kukosa, hakuwa hata mwanachama wa jumuiya iliyomtoza ada hiyo. Anayetaka kujua vyama vya wenye nyumba vilitoka wapi na kwa nini vinagombanisha watu kila vinapokwenda, aanze na mitaa hii miwili.

Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1831 Samuel Ruggles, mfanyabiashara wa ardhi wa New York, alitenga ekari mbili katikati ya viwanja alivyokuwa akiuza, akazizungushia uzio na kuziweka mikononi mwa wadhamini kwa niaba ya wanunuzi watakaozizunguka. Hiyo ndiyo Gramercy Park. Kila mwenye kiwanja alichangia matunzo na kupewa ufunguo, na asiye na ufunguo haingii hata sasa. Ruggles hakuwa akitoa sadaka. Alijua kiwanja kinachotazama bustani ambayo haitajengwa kamwe kitauzwa kwa bei nzuri zaidi.

Waliojenga Sunnyside na Radburn walikuwa na nia nyingine. Alexander Bing, aliyepata utajiri wake kwenye majengo, alianzisha City Housing Corporation mwaka 1924 ili kuwajengea watu wa kipato cha kawaida nyumba zenye hewa na mwanga. Kampuni ilijiwekea kikomo cha kutowapa wenye hisa gawio linalozidi asilimia 6 kwa mwaka. Wasanifu wake, Clarence Stein na Henry Wright, walikuwa wamevutiwa na mawazo ya Mwingereza Ebenezer Howard kuhusu miji ya bustani. Kati ya mwaka 1924 na 1928 walijenga Sunnyside kwenye ekari 77 zilizokuwa za kampuni ya reli. Mwandishi Lewis Mumford, ambaye baadaye alikuja kuwa mkosoaji mkubwa wa miji ya Marekani, alihamia huko na familia yake.

Kasoro ilikuwa kwenye karatasi. Kila mnunuzi wa Sunnyside alimilikishwa nyumba pamoja na kipande cha ardhi nyuma yake, kisha akakubali kwamba sehemu ya kipande hicho itatumiwa na wote kwa miaka 40. Inaelekea hakuna aliyeona haja ya kuuliza kuhusu mwaka wa 41.

Radburn ilipangwa kwa uangalifu zaidi. Familia za kwanza zilihamia Mei 1929, na matangazo yaliuita mji wa enzi ya motokaa. Magari yalikuwa yameanza kuua watoto barabarani, kwa hiyo Stein na Wright waliigeuza nyumba: jiko lilitazama kinjia kifupi kisichopenya, ambako gari liliegeshwa na takataka kuchukuliwa, na sebule ikatazama bustani. Kutoka mlango wa bustani, mtoto aliingia kwenye njia ya miguu, akapita katikati ya bustani kubwa, akapenya chini ya barabara ya Howard Avenue kwa njia ya chini na kufika shuleni bila kukutana na gari. Mandhari ya mitaa hii miwili, miti na vichaka vyake, ilipangwa na Marjorie Sewell Cautley, mwanamke katika fani ambayo wakati huo ilikuwa na wanawake wachache sana.

Safari hii bustani hazikuachwa zikiwa vipande vya watu binafsi vyenye ruhusa juu yake. Zilikabidhiwa moja kwa moja kwa chombo kipya, Radburn Association. Mwanasheria Charles Ascher aliandika masharti yaliyofungwa kwenye hati ya kila nyumba: mwenye nyumba, awe nani na anunue lini, atalipa ada ya mwaka, na jumuiya itaitumia kutunza bustani, mabwawa ya kuogelea, viwanja vya michezo na huduma ambazo kwa kawaida hutazamiwa kwa manispaa. Ada ilifuata nyumba. Ukiuza unaondoka, nayo inabaki kwa mwenzako.

Pesa hizo hazikuishia kukata nyasi. Jumuiya iliajiri watu wa kuendesha shughuli: madarasa ya watu wazima, michezo ya jioni, mambo ya watoto. Kikundi cha maigizo kilichoanzishwa na wakazi wa mwanzo kimedumu vizazi na vizazi. Kwa maneno mengine, mtu alinunua nyumba akajikuta amenunua pia jirani wa kucheza naye tenisi na mahali pa kusikia habari za mtaa.

Lakini nani angesimamia yote hayo? Waanzilishi hawakutaka kuwaachia wakazi. Hofu yao ilieleweka: mwenye nyumba anayebanwa na maisha anaweza kupiga kura ya kufuta ada, au ya kuuza bustani na kugawana fedha. Basi bodi ya wadhamini ikawekwa, na uanachama wa jumuiya ukabaki kwa wadhamini walioko madarakani na waliopita. Wakazi walikuja kupewa nafasi ya kuchagua baadhi ya wadhamini, ila majina ya wagombea yalipitishwa kwanza na walewale waliokuwa ndani. Ilikuwa serikali ndogo ya watu wenye nia njema, inayotoza kodi watu wasio raia wake.

Miezi mitano baada ya familia za kwanza kufungua mizigo, soko la hisa la New York likaporomoka. Radburn iliyopangwa kubeba watu 25,000 ilikwama kwenye ekari 149. Kule Sunnyside wenye nyumba waliopoteza kazi walishindwa kulipa mikopo, wakaungana kugomea malipo, na maofisa walipokuja kuwatoa wengine walikuta milango imezibwa. Wengi walipoteza nyumba zao hata hivyo. City Housing Corporation yenyewe ikafilisika. Kampuni ikafa, Radburn Association ikabaki, ikiendelea kukusanya ada na kujaza mabwawa maji kila kiangazi.

Vyama vya aina hii vilikuwa na upande mwingine ambao makala za kusifia bustani huupita haraka. Huko Kansas City, J.C. Nichols alikuwa ameanza mapema karne ya 20 kujenga mitaa mikubwa yenye masharti yanayojihuisha yenyewe muda ukiisha, isipokuwa wenye nyumba wengi wajitokeze kwa wakati kuyapinga. Ukomo uliokuja kuiumiza Sunnyside, yeye alishaupatia dawa. Ila pamoja na sharti la rangi ya paa na umbali wa nyumba kutoka barabarani, hati hizo zilikuwa na sharti kwamba Mweusi asiuziwe wala asipangishwe, na chama cha wenye nyumba ndicho kilichokuwa mlinzi wake. Maelfu ya mitaa nchini Marekani iliiga. Mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer iliyotoka St. Louis, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mahakama haziwezi kutumika kutekeleza masharti hayo. Ubaguzi wenyewe katika kuuza na kupangisha nyumba ulikuja kupigwa marufuku na sheria ya shirikisho ya mwaka 1968. Bustani ya wote, kwa muda mrefu, ilikuwa ya wote waliokwisha kuchujwa.

Mmoja wa wajenzi waliokataa mchujo huo kabla ya sheria kuwalazimisha alikuwa James Rouse. Mji wake wa Columbia, Maryland, ulifunguliwa mwaka 1967 kwa watu wa rangi zote, na huduma zake zikawekwa chini ya Columbia Association, inayotoza kila nyumba ada kulingana na thamani yake. Ukitembea Columbia hukuti kisanduku cha barua mbele ya kila mlango. Visanduku vimekusanywa pamoja, safu kwa safu, pembeni mwa barabara. Rouse na washauri wake walitaka mtu anayefuata barua zake akutane na jirani anayefuata zake, na hapo wapashane habari. Sijaona ubunifu rahisi kuliko huo katika historia nzima ya mitaa ya kupangwa. Miaka miwili baadaye likaja gazeti la Columbia Flier, lililosambazwa nyumbani bure, na mabwawa ya kuogelea yaliendelea kuongezeka kila kitongoji kilipojengwa hadi yakapita 20.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Ardhi ilipanda bei, wajenzi wakapunguza viwanja na kufidia kwa bwawa na bustani ya pamoja. Serikali ya shirikisho, kupitia shirika lake la dhamana za mikopo ya nyumba, ilihimiza mpango huo miaka ya 1960, na halmashauri ziliupenda kwa sababu mtu mwingine angelipia taa na barabara za ndani. Mwaka 1970 Marekani ilikuwa na vyama hivyo vipatavyo 10,000. Sasa, kwa hesabu ya taasisi yao ya kitaifa, vimepita 350,000, na wanaoishi chini yake ni zaidi ya watu milioni 70.

Turudi Radburn. Mwanzoni mwa karne hii bodi ya wadhamini iliafiki kuuza uwanja wa michezo uitwao Daly Field kwa kampuni ya ujenzi wa nyumba. Hapa ndipo hoja ya waanzilishi ilipogeuka kichwa chini. Walikuwa wamewanyima wakazi kura ili wakazi wasiuze ardhi ya pamoja, na sasa walioaminiwa kuilinda ndio waliokuwa wanaiuza, huku wakazi ndio wanaopinga. Mwaka 2006 kundi la wakazi lilikwenda mahakamani. Walitaka mambo mawili: haki ya kuchagua viongozi kwa uhuru, na kuona hesabu za fedha wanazochanga. Kwenye hesabu walisikilizwa, mahakama ikaamuru taarifa zaidi zitolewe. Kwenye kura walishindwa, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilikubaliana na uamuzi huo: sheria ya jimbo, kama ilivyokuwa imeandikwa, haikukiukwa.

Basi wakaenda kwa waliotunga sheria. Ilichukua miaka mingine saba. Julai 2017 gavana wa New Jersey, Chris Christie, alitia saini marekebisho yanayomfanya kila mwenye nyumba katika mtaa wa namna hiyo kuwa mwanachama wa chama chake, mwenye haki ya kugombea na kupiga kura. Yanahusu jimbo zima, lakini watu huyaita kwa jina la mtaa ulioyazaa: sheria ya Radburn.

Sunnyside nayo ilijaribu kuokoa kilichobaki. Mwaka 1974 jiji la New York liliuwekea mtaa huo kanuni maalumu za kuzuia ujenzi zaidi, na mwaka 2007 ukatangazwa eneo la kihistoria. Bustani nyingi bado zinapendeza. Lakini ua uliokwisha kujengwa kwenye ardhi ya mtu hauondoki kwa sababu jiji limeanza kuipenda historia.

Kwetu Afrika Mashariki sheria zimekuja zikiwa na somo la mitaa hiyo miwili ndani yake. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, na ya Kenya ya mwaka 2020 iliyofuta ile ya 1987, zinaweka maeneo ya pamoja chini ya chombo ambacho wenye sehemu ndio wanachama wake. Hilo ni zaidi ya walichokuwa nacho wakazi wa Radburn kwa karibu karne nzima. Tatizo letu mara nyingi ni kwamba mwenye jengo anauza nyumba zote na kubaki na kiwanja cha watoto, eneo la kuegesha magari au kisima kwa jina lake, na wanunuzi hugundua siku anapoanza kumimina zege. Habari za ada na matumizi yake nazo zinapita kwenye kundi la WhatsApp, katikati ya matangazo ya misiba na paka waliopotea.

Kwa hiyo kabla hujatia saini, acha kutazama bwawa. Omba hati, utafute mistari mitatu: ardhi ya pamoja imeandikwa kwa jina la nani, masharti yake yanaisha mwaka gani, na nani ana kura ya kuyabadili. Muuzaji akikuambia hayo mtaongea baadaye, usilipe hata kishika uchumba.