Friji haioni barafu yake

Najua nimekuwa kimya kwa muda, kazi zilinizidi. Leo sitaandika habari za kompyuta, nitaandika habari za friji. Ila mkifika mwisho mtaona kwamba mambo ni yale yale.

Mwezi uliopita Mama alinipigia simu kutoka Mombasa. Yeye huuza maziwa na barafu za ukwaju pale nyumbani, kwa hiyo friji kwake si pambo, ni duka. Akaniambia, "Mwanangu, friji yangu imekuwa kabati." Juu kwenye friza vitu vinaganda, lakini chini maziwa yanachacha. Fundi alikuwa ameshakuja mara mbili, akasema gesi imeisha, akaongeza, akalipwa shilingi 4,000 kila mara. Friji ikapona siku nne tano hivi, halafu ikarudia ugonjwa ule ule.

Hilo la kupona siku chache ndilo lililonishtua. Sisi watu wa programu tunaujua ugonjwa huo. Programu inakula memori kidogo kidogo, unaizima na kuiwasha inakuwa nzima, halafu baada ya siku kadhaa inakwama tena. Maana yake kuna kitu kinajirundika ndani. Kwenye friji kitu hicho ni barafu.

Hebu tuanze mwanzo. Mwaka 1834 Jacob Perkins alipata hataza mjini London ya mashine ya kupoza kwa kukandamiza mvuke na kuuachia tena, na friji nyingi za leo zinafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1913 Fred Wolf wa Chicago alitoa friji ya umeme ya nyumbani iliyoitwa DOMELRE, na mwaka 1927 kampuni ya General Electric ikaleta Monitor Top, ile yenye kompresa juu ya kabati kama kofia. Zote zilikuwa na koili baridi ndani, na zote zilirithi tatizo moja: kila ukifungua mlango, hewa yenye unyevu inaingia, na ule unyevu unaganda juu ya koili. Mombasa, ambako hewa yenyewe ni kama imelowa, mnanielewa.

Barafu hiyo si baridi ya bure. Ni blanketi. Ikiwa nene, koili haiwezi tena kufyonza joto la vyakula, na kompresa inafanya kazi mchana na usiku bila faida.

Dawa ya kwanza ilikuwa mikono. Unazima friji, unatoa vyakula, unaweka karai la maji moto, unangoja. Wengi wetu tumewaona mama zetu wakifanya hivyo. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini angalia jambo moja: Mama alikuwa anaiona barafu. Alijua ni lini imezidi na ni lini imekwisha. Wahandisi walipotaka kumwondolea kazi hiyo, ilibidi mashine ijue mambo hayo mawili, na mashine haina macho. Kwa hiyo wakaifundisha kukisia.

Kisio moja la mapema linanifurahisha sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Westinghouse ya Marekani iliuza friji iliyohesabu mlango umefunguliwa mara ngapi. Hesabu ikifika, inajiyeyusha yenyewe. Wazo zuri, kwa sababu unyevu huingia kwa mlango. Lakini mtoto anayeuacha mlango wazi dakika tano anahesabiwa sawa na mtu aliyechukua kijiko cha siagi.

Kisha ikaja taima, na hii ndiyo iliyotawala kwa miaka mingi. Ni mota ndogo kama ya saa inayozungusha swichi. Baada ya saa 6, 8 au 12 za kazi, kulingana na friji, inazima kompresa na kuwasha hita iliyo chini ya koili kwa dakika 20 au 30. Maji yanateremka kwenye bomba hadi kisahani cha chini na kukauka huko. Ili hita isipitilize, waliweka kipande cha metali mbili zilizounganishwa, ambazo hujikunja zikipata joto na kukata umeme. Ufundi huo ni wa zamani kuliko friji zenyewe. John Harrison, fundi saa wa Uingereza, aliutumia katika saa zake za baharini karne ya 18.

Taima haijali kama kuna barafu au hakuna. Familia ikisafiri wiki mbili, mlango haujafunguliwa, hita inawaka vile vile, halafu kompresa inalipia joto hilo kwa umeme zaidi. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 upotevu huo ulianza kuuma. Mwaka 1987 Marekani ilipitisha sheria ya matumizi ya umeme kwa vyombo vya nyumbani. Viwango vya friji vikaanza kutumika 1990 na vikakazwa 1993. Kisio la taima likawa ghali mno.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia friji, pamoja na kihisi joto kiitwacho themista. Mwaka 1833 Michael Faraday aligundua kwamba salfaidi ya fedha ikipashwa joto hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, kinyume na metali za kawaida. Ilibidi kungoja mpaka miaka ya 1930 ndipo jambo hilo likageuzwa kuwa kifaa cha kuuzwa. Leo themista ya friji ni punje ndogo yenye nyaya mbili. Baridi ikizidi, ukinzani wake unapanda. Na fomula ya kugeuza ukinzani kuwa joto, ile ya Steinhart na Hart, ilichapishwa mwaka 1968 katika jarida la utafiti wa bahari!

Programu ya bodi inakisia kwa akili zaidi. Inawasha hita na kupima koili inachukua muda gani kupata joto. Ikichukua muda mfupi, inasema barafu ilikuwa kidogo, safari ijayo tungoje zaidi. Ikichukua muda mrefu, inaharakisha zamu ijayo. Mimi kama mwandishi wa programu naivulia kofia. Lakini bado haioni barafu. Inaamini tu kile themista inachoiambia.

Sasa turudi Mombasa. Nilipanda gari la usiku nikiwa na mita ya umeme kwenye begi. Nikachomoa plagi kwanza, nikafungua kifuniko cha nyuma ya friza. Koili yote ilikuwa imefunikwa na barafu nyeupe, sawasawa kutoka juu hadi chini. Hiyo ni dalili ya kukumbuka. Gesi ikipungua, kwa kawaida barafu hushika sehemu moja tu ya koili, pale gesi inapoingilia, na kwingine kunabaki kukavu. Ikishika kote na kuziba njia ya feni, tatizo ni la kuyeyusha. Friza inabaki baridi kwa sababu iko karibu na koili, lakini hewa haishuki chini.

Tukaacha mlango wazi mpaka asubuhi barafu ikayeyuka yote. Usichokonoe kwa kisu! Friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a ambayo inashika moto, na koili ikitoboka hiyo ndiyo kwaheri.

Nikapima hita, haikuwa imekatika. Fyuzi ya joto, nzima. Nikachomoa themista ya koili, nikaitia kwenye glasi ya maji yenye vipande vya barafu, ambayo ukikoroga na kungoja huwa digrii 0. Ni ya aina ya omu 5,000 katika digrii 25, kwa hiyo kwenye 0 ingepaswa kusoma omu 16,000 na kidogo. Ilisoma 6,200. Unyevu ulikuwa umeingia ndani yake.

Omu 6,200 kwa bodi ni digrii 20 hivi. Yaani kila ilipofika zamu ya kuyeyusha, bodi iliuliza, "Koili ina joto gani?" ikajibiwa "20", ikasema basi barafu imekwisha, ikazima hita na kuendelea. Programu haikuwa na kosa hata moja. Ilidanganywa.

Na zile siku za kupona? Si gesi iliyomponya mgonjwa. Fundi alipokuwa akifanya kazi friji ilizimwa, barafu ikayeyuka. Mama alilipa shilingi 8,000 kwa kuzimiwa friji mara mbili. Themista mpya ilinigharimu shilingi 600.

Kwa hiyo friji yako ikiwa baridi juu na vuguvugu chini, kabla hujamwita mtu wa gesi, ichomoe, iache wazi siku nzima, halafu iwashe. Ikipona siku chache na kurudia, mwambie fundi aanze na hita, fyuzi, na taima au themista.

Nilipomweleza Mama yote haya, Faraday na kila kitu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe mimi na karai langu tulikuwa tunaona vizuri zaidi." Sikuwa na la kujibu.

Tuonane makala ijayo.