Kabla ya Darasa Kulikuwa na Chuo

Kila mtaala mpya wa watoto wadogo unapozinduliwa Afrika Mashariki, walimu husomewa maagizo yanayofanana: mwanafunzi awe kiini cha somo, watoto wakae kwa makundi, wajifunze kwa vitendo, kila mmoja aende kwa kasi yake. Ndivyo ilivyokuwa Tanzania mwaka 2015, darasa la kwanza na la pili yalipoelekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK), na ndivyo ilivyokuwa Kenya mtaala wa umilisi ulipoanza kuingia madarasani miaka iliyofuata. Maagizo hayo hupokelewa kama mambo ya kigeni yaliyokuja juzi, na yanaposhindwa, lawama huangukia mila zetu: husemwa kwamba sisi tumezoea mwalimu aseme na mtoto aitikie. Historia haikubaliani na maelezo hayo. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mpango wa kumwendeleza kila mtoto kwa hatua yake muda mrefu kabla ya shule ya serikali kujengwa. Mpango huo ulikuwa na kasoro kubwa, lakini ulikuwa na jambo moja ambalo shule zetu zimelipoteza na kila mageuzi husahau kulirudisha: mtoto mmoja mmoja alisikilizwa akisoma, kila siku.

Mahali pa mpango huo palikuwa chuo cha Kurani, mara nyingi baraza au chumba katika nyumba ya mwalimu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa pwani ya Bagamoyo ambaye maandishi yake yamo katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ni miongoni mwa waliotuachia maelezo ya maisha ya chuoni kwa Kiswahili chenyewe. Mtoto aliandikiwa herufi ubaoni, akazitambua kwa majina na maumbo. Kisha alifundishwa irabu, ajue sauti ya kila herufi inavyogeuka kwa fataha, kisra na dhuma, ndipo aunganishe herufi ziwe neno. Baada ya hapo alianza Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani, kwa kuwa huko ndiko ziliko sura fupi. Zile ndefu zilimngoja mpaka akomae. Mpangilio huo, kutoka sauti hadi silabi, kutoka silabi hadi neno, kutoka kifupi hadi kirefu, ndio unaohimizwa leo katika semina za KKK. Chumba kimoja kilikuwa na mtoto wa alifu na mtoto anayekaribia kuhitimu, kila mmoja akisoma pake kwa sauti. Mwalimu alimwita mmoja baada ya mwingine. Aliyelimudu somo alipewa jingine, aliyekwama alilirudia, na wakubwa waliwasomesha wadogo.

Utaratibu wa mtoto kumfundisha mtoto si wa pwani yetu pekee. Mwishoni mwa karne ya 18, Andrew Bell, kasisi wa Kiskoti aliyesimamia nyumba ya mayatima huko Madras, aliwaona watoto wa Kihindi wakijifunza herufi kwa kuziandika mchangani kwa vidole, akaiga zoezi hilo na kuwapa wanafunzi kazi ya kuwafundisha wenzao. Alichapisha habari zake mwaka 1797. Mwaka uliofuata, Joseph Lancaster alifungua shule yake ya Borough Road, London, naye akajenga mfumo kama huo kwa watoto wa maskini. Kwa hiyo njia iliyosifiwa Ulaya kuwa ugunduzi mkubwa wa ualimu ilikuwa imepokea mengi kutoka Bahari ya Hindi. Lakini Lancaster alitaka mwalimu mmoja atoshe kwa mamia ya watoto, hata elfu. Viranja wakachukua nafasi ya mwalimu badala ya kumsaidia, masomo yakawa amri na mwitikio, na kabla ya katikati ya karne ya 19 Uingereza yenyewe ilikuwa inauacha mfumo huo. Funzo lake ni kwamba msaada wa mtoto mkubwa hufaa pale tu mwalimu anapobaki kuwa msikilizaji wa mwisho.

Shule za misheni na za serikali, kama ile ya Wajerumani iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890, zilileta kitu kipya kabisa: darasa. Watoto walipangwa katika safu, wakafungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, wakapandishwa pamoja mwisho wa mwaka. Faida zake hazikataliki. Vitabu vilichapishwa kwa wingi, hesabu na jiografia zikaingia, ukaguzi ukawezekana. Tangu hapo mageuzi yamebadilisha kilichomo ndani ya darasa bila kuugusa mpangilio huo. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ilitaka elimu ifungamane na maisha ya kijijini, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes, ya kuwaandaa walimu wa vijijini, ikafunguliwa Kabete kwa mfano ulioanzia Virginia, Marekani. Mwaka 1957, Nairobi ilianza majaribio yaliyojaza madarasa ya chini kadi, michezo na kazi za vikundi, yote kwa Kiingereza. Yalipoenezwa upesi kwenye shule nyingi za Kenya huru, mafunzo ya walimu na vifaa havikuweza kuyafuata.

Kisha ukaja wingi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliitaka Tanzania iharakishe elimu ya msingi kwa wote, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Kenya ilipofuta karo mwaka 2003, wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Ilikuwa haki, na anayetamani kurudi nyuma anawatamania wengine ujinga. Ila darasa la watoto themanini lilimlazimisha mwalimu ategemee kiitikio cha pamoja, na kiitikio humficha asiyejua. Mtoto anaweza kuimba silabi zote za chati kwa miezi bila mtu kutambua kwamba hajui hata moja anapoonyeshwa peke yake. Vizibo, vijiti, nyimbo na kadi haviondoi tatizo hilo vikitumiwa na darasa zima kwa mpigo.

Atakayepinga atasema kwamba chuo kilikuwa mahali pa kukariri na fimbo, na kwamba wengi walihitimu bila kuelewa Kiarabu walichokisoma. Ni kweli, na fimbo haina utetezi. Lakini kukariri bila kuelewa kulitokana na lugha ya kitabu, wala si na mtoto kusomeshwa peke yake. Kosa hilohilo hufanywa na shule inayomwanzishia mtoto kusoma kwa Kiingereza asichokisema nyumbani. Utaratibu unaweza kutenganishwa na kasoro hizo, na umeshatenganishwa. Katika miaka ya 1980, kwa ombi la jumuiya za Waislamu wa Mombasa na kwa msaada wa Aga Khan, zilianzishwa chekechea za madrasa ambazo baadaye zilifika Zanzibar na Uganda. Bi Swafiya Said na wenzake walioziongoza waliweka pamoja mafunzo ya dini, nyimbo za Kiswahili, kona za kujifunzia na zana za vifuu, mbegu na makuti, na walimu walikuwa wanawake wa mitaa hiyohiyo waliopewa mafunzo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuwagawa watoto kwa kiwango kunawapiga wengine muhuri wa ujinga. Hofu hiyo ina msingi pale kundi linapokuwa kifungo cha mwaka mzima. Hata hivyo, utafiti wa wanauchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, ulioanza mwaka 2005 katika shule za msingi za magharibi ya Kenya, ulionyesha kuwa darasa la kwanza lilipogawanywa kwa kiwango, waliokuwa nyuma walinufaika pamoja na waliokuwa mbele, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipo. Chuo kiliongeza jambo ambalo mgawanyo wa shule hukosa: hatua ilikuwa ya mtoto, si ya kundi, na siku aliyolimudu somo ndiyo siku aliyolivuka.

Mageuzi yajayo yapimwe kwa swali moja kabla ya kuhesabu vitabu na semina: ni mara ngapi kwa wiki kila mtoto wa darasa la kwanza anasoma peke yake mbele ya mtu anayejua? Ratiba inaweza kutenga nusu saa kila siku, mwalimu akasikiliza safu moja huku wanafunzi wa darasa la nne au la tano wakiwashika wadogo wengine kwa kadi za silabi na vihesabio, na safu zikazunguka hadi Ijumaa. Haihitaji jengo jipya wala mfadhili. Inahitaji wizara ikubali kwamba kusikiliza ni kufundisha, na imhesabie mwalimu muda huo kuwa sehemu ya kazi yake.