Jukwaa na Barabara: Mwanamume katika Vazi la Kike nchini Uingereza

Desturi ya mwanamume kuigiza mwanamke ni kongwe. Zama za Shakespeare, nafasi za wanawake katika kumbi za London zilichezwa na wavulana, kwani wanawake hawakukubaliwa kuwa waigizaji wa kulipwa. Wapuritani waliilaani desturi hiyo kwa hoja ya Kumbukumbu la Torati 22:5. Watazamaji waliendelea kujaa. Yafaa basi tujiulize: jamii ilihukumu vazi lenyewe, au mahali lilipovaliwa?

Mwaka 1660 Samuel Pepys aliusifu katika shajara yake uzuri wa Edward Kynaston aliyeigiza mwanamke. Desemba mwaka uo huo, mwanamke alicheza nafasi ya Desdemona katika Othello. Hati ya mfalme Charles II ya 1662 iliwaruhusu wanawake kuigiza, ikitaja kwamba baadhi ya watu walichukizwa na wanaume waliovaa kike. Tangu hapo vazi hilo likaelekea zaidi kwenye kichekesho, na katika karne ya 19 mwanamume aliyejifanya bibi mzee alipendwa hata na watoto.

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Ernest Boulton na Frederick Park walishangiliwa jukwaani wakiwa katika mavazi ya kike. Aprili 1870 walikamatwa walipotoka kutazama mchezo katika Strand Theatre, wakiwa wamevaa vivyo hivyo. Mwaka 1871 baraza la wazee wa mahakama liliwaachilia. Kilichokuwa sanaa jukwaani kiligeuka tuhuma barabarani.

Sheria ya 1967 iliacha kuwaadhibu, katika Uingereza na Wales, wanaume wawili wenye umri wa miaka 21 na zaidi kwa mahusiano yao ya faragha. Hata hivyo, mwaka 1987, katika hofu ya Ukimwi, polisi waliovaa glovu za mpira walivamia baa ya Royal Vauxhall Tavern, London. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwa Paul O'Grady, aliyeigiza huko kwa jina la Lily Savage. Mwaka 2008 O'Grady alipewa nishani ya kifalme. Mwaka 2015 jengo lenyewe liliorodheshwa kuwa urithi wa taifa.

Yatubainikia kwamba mtazamo wa jamii haukusonga mbele kwa njia iliyonyooka. Vazi lilibaki lile lile. Kilichohamishwa kila mara ni mpaka baina ya mchezo na maisha, na gharama yake ililipwa na waliouvuka.