Wakulima na Kitabu cha Mfalme

Wakulima wa Uingereza wa zama za kati huingia katika masomo yetu ya historia mara moja tu, nao huingia na moto mkononi: ni uasi wa mwaka 1381. Mwanafunzi akadhani kwamba watu hao walijua kuasi tu. Lakini miaka minne kabla ya hapo walikuwa wameshika njia nyingine kabisa, njia ya hati na muhuri.

Wengi wao walikuwa watwana. Neno hilo haliwatoshi, kwani mtwana alikuwa na nyumba, shamba na mifugo aliyoitunza kama yake. Ila sheria ilihesabu vyote hivyo kuwa mali ya bwana. Alilima shamba la bwana siku kadhaa kila juma, alilipa ada binti yake alipoolewa, na alipofariki, bwana alichukua mnyama bora wa zizini. Akinyang'anywa shamba, mahakama ya mfalme haikumsikiliza. Ilitosha bwana kujibu kwamba huyu ni mtwana wangu, kesi ikafa papo hapo.

Palikuwa na upenyo mmoja. Mashamba yaliyokuwa ya mfalme siku alipofariki Mfalme Edward, Januari 1066, yalikuwa na hadhi ya pekee, hata kama baadaye yalipewa kabaila au watawa. Wapangaji wa huko waliweza kumshitaki bwana mbele ya mfalme ikiwa amewaongezea kazi kupita desturi ya zamani. Sidhani kwamba ni huruma iliyoleta kanuni hiyo. Mfalme alikuwa akilinda kilichopata kuwa milki yake.

Ushahidi uliokubaliwa ulikuwa kitabu kilichoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, mshindi wa 1066, aliyetaka kujua kila shamba ni la nani na lina thamani gani. Wananchi walikiita Domesday, yaani Siku ya Hukumu, kwa kuwa neno lake halikuwa na rufaa. Kiliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo mkulima hakuisoma, na hakikuandikwa kwa ajili yake. Hata hivyo ndicho alichokitumainia.

Tauni ya 1348 na 1349 iliua watu wengi mno, wakulima wakawa adimu. Waliobaki walidai ujira mkubwa na kazi nafuu, na makabaila wakajibu kwa sheria ya 1351 iliyozuia ujira usipande. Hapo ndipo, kufikia 1377, vijiji visivyopungua 40 vya kusini mwa Uingereza vilipochanga fedha, vikatafuta washauri wa sheria, na kununua nakala za Domesday zenye muhuri wa mfalme. Wakiwa na nakala hizo mkononi, walikataa kulima mashamba ya mabwana na kuvuna nafaka zao.

Makabaila walitishika. Katika Bunge la Oktoba 1377 walilalamika kwamba watwana wanakusanyika makundi kwa makundi, wakakumbusha yaliyotokea Ufaransa, ambako wakulima waliasi mwaka 1358. Mfalme Richard wa Pili alikuwa mtoto wa miaka 10, na waliotawala kwa jina lake walikuwa mabwana wa ardhi wenyewe. Ikatamkwa kwamba nakala zile hazimfanyi mtu kuwa huru wala hazibadili kazi anazodaiwa. Fedha waliyolipia muhuri ikapotea bure.

Juni 1381 wakulima walichoma madaftari ya mahakama za mabwana, yaliyoandikwa ndani yake kazi na madeni yao. Lakini si kila hati waliichukia. Huko St Albans, watu wale wale waliochoma hati za watawa sokoni walimtaka abati awape hati nyingine ya kale, waliyoamini ilitolewa na Mfalme Offa wa karne ya nane, yenye herufi za dhahabu na buluu. Abati akajibu kwamba hakupata kuiona.