Mediator: Dawa ya sukari iliyogeuzwa ya kupunguza mwili

Wasee, kabla ujidunge sindano ya kupunguza mwili, skieni hii ya Ufaransa. Mediator ya Servier iliingia sokoni 1976 kama dawa ya kisukari, but madaktari wengi wakaandikia watu waliotaka tu kukonda. Mwilini hutoa norfenfluramini, kitu ileile fenfluramini hutoa. Fenfluramini iliondolewa 1997 kwa kuharibu vali za moyo. Mediator? Ikabaki hadi 2009! Aliyeshtua watu ni Irène Frachon, daktari wa mapafu kule Brest. 2021 korti ya Paris ikaipata Servier na hatia ya udanganyifu na kuua bila kukusudia. Faini: euro milioni 2.7. Manze, hiyo ni chai tu kwao. Rufaa ya 2023 ndio iliuma: warudishie bima za afya zaidi ya milioni 415.