Risasi Iliyokwisha Pigwa: Neno, Madini na Ushahidi katika Nyanda za Juu Kusini

Neno risasi lina maana tatu zinazotumika kila siku. Ni madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, yayeyukayo kwa joto la nyuzi 327 za Selsiasi. Ni kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki kabla ya kupigwa, yaani ganda, baruti, fataki na kichwa chake kwa pamoja. Tena ni kile kipande kinachoruka, kikapiga shabaha au mnyama na kubaki humo. Mwanaisimu ataridhika kuita hali hiyo polisemia na kuendelea na shughuli zake. Lakini katika wilaya kama Chunya, ambako uwindaji, uchimbaji wa dhahabu na mapori ya akiba vimepakana kwa muda mrefu, tofauti kati ya maana ya pili na ya tatu yaweza kumtenganisha mtu aliye huru na mtu aliye kifungoni. Kwa sababu hiyo, historia ya kuokota na kuchunguza risasi zilizokwisha pigwa haiwezi kuandikwa kwa kufuata madini peke yake na kuliacha neno nyuma.

Yafaa kuanza na neno. Asili yake ni Kiarabu, rasas, ambako maana ya kwanza ni madini yenyewe. Maana ya kitu kipigwacho ilifuata, kwa kuwa kitu hicho kiliundwa kwa madini hayo. Kiswahili kilipokea maana zote mbili, na pamoja nazo kikapokea kalamu ya risasi, ambayo ndani yake hamna risasi hata chembe. Bunduki nayo ina kisa cha kupendeza zaidi. Katika Kiarabu bunduq ni tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu, litokalo nchi za kaskazini. Jina hilo likapewa vijiwe na vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde, na silaha ya moto ilipokuja ikaitwa kwa jina hilo hilo. Jina la kitupwacho lilihamia kwa kitupacho. Aliyesema bunduki kwa mara ya kwanza katika pwani hii alikuwa, bila kujua, anaitaja risasi.

Kamusi za zamani zinaonyesha jinsi wasemaji walivyokuwa makini katika mambo haya. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyotumia jiwe la kutoa cheche. Bunduki ya fataki. Na bunduki ya viasi, itiwayo kwa nyuma. Kiasi lilikuwa jina la ile baruti na risasi iliyokwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Marisawa yalikuwa vipande vidogo vidogo vya kupigia ndege. Mtutu uliitwa pia kasiba, na chombo cha kusubia risasi kiliitwa kalibu. Msamiati huo haukuundwa na kamati yoyote. Uliundwa na watu waliokuwa na haja nao, na sehemu kubwa ya haja hiyo ilikuwa bara.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 bunduki zilimiminika kupitia Unguja na bandari za mrima. Makadirio ya Waingereza waliokuwa Unguja mwaka 1888 yalitaja silaha kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Zilifuata njia za pembe za ndovu hadi Unyamwezi, na kutoka huko zikaenea kusini. Nyungu ya Mawe, aliyefariki mwaka 1884, aliiunganisha kwa nguvu nchi ya Wakimbu, ambayo sehemu yake ya kusini imo katika Wilaya ya Chunya ya leo, akitumia vikosi vya rugaruga ambavyo silaha zao zilikuwa pamoja na magobore. Kwa mwenye gobore mbali na pwani, risasi iliyochimbuliwa kutoka katika nyama au katika shina la mti ilikuwa mali, iliyofaa kuyeyushwa na kusubiwa upya. Mwanahistoria anayetafuta mabaki hayo hana budi kukumbuka kwamba nyaraka zake ziliyeyushwa na wale wale walioziandika.

Risasi ya gobore ni tufe. Mtutu wake ni laini kwa ndani, hivyo tufe hilo hutoka bila alama ya kudumu ya mtutu uliolirusha. Likibeba alama yoyote ya asili yake, basi ni mstari au kinundu kilichoachwa na kalibu. Ilikuwa alama ya namna hiyo iliyomsaidia Henry Goddard, mpelelezi wa London, mwaka 1835, alipogundua kwamba risasi iliyodaiwa kupigwa na wezi katika nyumba moja ya Southampton ilikuwa imesubiwa katika kalibu ya mtumishi wa nyumba hiyo hiyo. Bunduki ya kisasa ni jambo jingine. Ndani ya kasiba yake mmechongwa mifuo inayozunguka ili risasi isokotwe na kwenda moja kwa moja, na mifuo hiyo huichapa risasi inapopita. Alexandre Lacassagne wa Lyon alihesabu mikwaruzo ya aina hiyo mwaka 1889, akailinganisha na mtutu wa bastola ya mtuhumiwa. Mwaka 1925, huko New York, Philip Gravelle na Calvin Goddard walianza kutumia hadubini ya kulinganishia, inayomwezesha mchunguzi kuona risasi mbili kwa wakati mmoja katika duara moja. Kanuni hiyo haijabadilika sana tangu hapo.

Mwaka mmoja baada ya hesabu ya Lacassagne, siasa iliingia ndani ya mtutu. Mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 yalizuia, katika eneo la Afrika lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, uingizaji wa bunduki zenye mifuo na zitiwazo kwa nyuma, ila kwa dola zenyewe na kwa watu wachache wenye kibali. Gumegume lenye mtutu laini liliruhusiwa. Matokeo yake, ambayo huenda waliotia saini hawakuyawaza, ni kwamba tangu hapo madini yaliyotolewa katika mwili wa mnyama yalikuwa na tabaka. Tufe lisilo na alama lilimwelekea mwenyeji. Risasi ndefu yenye mikwaruzo ilimwelekea mgeni, askari au mwenye leseni. Kanuni za uwindaji za Wissmann za mwaka 1896, na sheria za Waingereza zilizofuata, ziliongeza leseni na mapori ya akiba juu ya msingi huo.

Lakini madini hayakutii tabaka kwa muda mrefu. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Wahehe walikishinda kikosi cha Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake, na kuchukua bunduki zipatazo 300 pamoja na risasi zake. Kuanzia siku hiyo risasi ya Mauser iliyookotwa Uhehe iliweza kuwa imepigwa na Mhehe au na askari wa Mdachi, na hakuna hadubini inayoweza kuamua kati yao. Hili ndilo jambo ambalo wapenzi wa uchunguzi wa silaha hulisahau upesi: mikwaruzo huitaja bunduki, haimtaji mpigaji.

Miaka saba baadaye, tarehe 19 Julai 1898, Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi ili asitekwe. Sajenti Merkl, aliyekuwa akimfuatilia, aliupiga risasi mwili akidhani mtu amelala. Kichwa kilikatwa. Mkataba wa Versailles, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo, halikukabidhiwa. Gavana Edward Twining ndiye aliyelifuatilia hadi katika makumbusho ya Bremen mwaka 1953, na mwaka 1954 fuvu lililochaguliwa lilirejeshwa Kalenga, ambako limehifadhiwa. Uchaguzi huo ulitegemea sana vipimo vya mafuvu vilivyolinganishwa na vipimo vya jamaa wa marehemu, njia ambayo wanasayansi wengi wa leo wasingeiamini, na wapo wataalamu walioendelea kuwa na shaka. Ni ajabu kwamba katika kifo kilichohusu risasi mbili, zilizotoka katika bunduki mbili tofauti, hoja kuu iliegemea upana na urefu wa mfupa.

Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilifika Nyanda za Juu Kusini pia, hasa Ubena na Upangwa. Ahadi ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kwamba risasi zitageuka maji, mara nyingi imesimuliwa kama upuuzi wa watu wasioijua bunduki. Maelezo hayo hayatoshi. Wengi wa waliopigana walikuwa na magobore, na mwenye gobore huisubu risasi mwenyewe. Anaijua ikiwa kimiminika kinachong'aa katika kigae, kabla haijawa tufe. Katika lugha ambayo madini na kipigwacho vina jina moja, kusema kwamba risasi itakuwa maji ni kusema irudi katika hali iliyokuwa nayo juu ya moto. Hilo halielezi imani yote, wala halipunguzi uzito wa vifo, lakini linaonyesha kwamba taswira hiyo ilitoka katika ujuzi. Katika miaka ya karibuni mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameuchunguza upya upande wa Ungoni wa vita hivyo kwa kuunganisha akiolojia na masimulizi ya wazee, na njia hiyo inastahili kufuatwa pia kaskazini ya huko.

Dhahabu ya Lupa ilipoanza kuchimbwa mnamo 1922, waliotangulia kufika hawakuwa wanajiolojia. Baadhi yao walikuwa wawindaji wa tembo. George Rushby, kwa mfano, aliwinda pembe, akatafuta dhahabu Lupa, kisha akawa ofisa wa idara ya wanyamapori. Wawindaji wa aina hiyo walikuwa na desturi ya kuichimbua risasi kutoka katika mzoga na kuisoma. Risasi yenye ncha laini hufunguka kama uyoga na kupoteza sehemu ya uzito wake; yenye ganda gumu lote hupita ikiwa nzima, au hupinda ikigonga mfupa vibaya. Walter Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua tembo zaidi ya 1,000, alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Alitumia sana bunduki ndogo ya milimita 7, jambo lililowashangaza wenzake waliobeba mizinga mabegani. Elimu yake ilikuwa ya kweli. Gharama yake ilikuwa tembo 1,000.

Makongolosi, iliyo kilometa 39 kaskazini mwa mji wa Chunya katika njia iendayo Rungwa na Itigi, ni mji uliokuzwa na dhahabu hiyo. Upande wa kaskazini magharibi, Mpanda, mgodi mkubwa ulichimba risasi yenyewe, madini, na reli ikafikishwa huko mwaka 1950. Kazi ilikoma mwaka 1960. Mtu aliyesema Mpanda kwamba anafanya kazi ya risasi hakumtisha yeyote.

Katika ikolojia ya Ruaha na Rungwa, tembo walipungua kutoka zaidi ya 30,000 mwaka 2009 hadi takriban 20,000 mwaka 2013. Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza. Ilisimamishwa mwezi uliofuata baada ya malalamiko ya mateso na vifo; Bunge lilichunguza, na Desemba mawaziri wanne waliondolewa. Ujangili ulikuwa wa kweli, na waathirika wa operesheni nao walikuwa wa kweli. Ndiyo sababu kipande cha madini kilichobaki katika mzoga kina thamani kuliko ungamo: hakipigwi kikasema asichokitaka mwenyewe. Kinahitaji tu mtu wa kukitafuta kwa kifaa cha kugundua metali, akifunge, aandike mahali na tarehe, na akifikishe kwa mtaalamu.

Kinahitaji pia jina. Hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Shahidi aliposema alikuta risasi nyumbani kwa fulani, mwandishi alilazimika kuchagua baina ya maneno mawili ya Kiingereza, moja la kitu kizima kisichopigwa, ambacho kukimiliki bila kibali ni kosa, na jingine la kipande kilichokwisha pigwa, ambacho mtu angeweza kukitoa katika nyama au kukiokota shambani. Uchaguzi huo haukuonekana popote katika kumbukumbu. Sasa tafsiri imeondoka, lakini utata umebaki ndani ya neno.

Polisi na magazeti wameanza kusema ganda la risasi na kichwa cha risasi, na ni hatua njema. Kiasi, lililokuwapo tangu zamani kwa kitu kizima, limekwisha kuzidiwa na kazi nyingine na halitarudi. Tatizo ni kwamba kichwa cha risasi kinadhani bunduki ya kiwandani. Tufe la gobore halina ganda, kwa hiyo halina kichwa. Na katika magobore yanayokamatwa leo, mara nyingi kinachotiwa ni gololi za chuma, ambazo si risasi kwa maana ya madini, hazipati alama katika mtutu laini, na hakuna kamusi inayozitaja chini ya kidahizo cha silaha.