Ada ipo, alama ni za wastani: mtoto aende chuo gani?

Msikilizaji, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hapa Mlangali huwa tunaulizwa: viazi na mbao vimelipa, ada ipo, lakini mtoto ana D mbili tu. Afanyeje?

D mbili si kufeli. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4.0, na D moja ni pointi 2. Shahada anaweza kuomba, ila si kila kozi. Zile zinazogombewa huenda kwa wenye A na B, na ada ya mkupuo haiongezi pointi hata moja, hata chuo kikiwa cha binafsi.

Aliyepungukiwa asirudie mitihani mpaka achoke. Akifaulu masomo manne kidato cha nne anaanza na cheti, kisha stashahada. Akimaliza na GPA ya 3.0 anaomba shahada. Wazazi wenye uwezo huionea aibu njia hii, sisi tunaipenda. Mtoto wa mfanyabiashara wa mbao atafaidi nini zaidi ya Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi? Wa mkulima wa parachichi ana Uyole, Mbeya.

Wakala wa vyuo vya nje akikwambia alama si tatizo, usilipe kwanza. Waulize TCU kama chuo hicho kinatambulika, maana shahada ya nje huhakikiwa na wao. Vyuo vya kati vya hapa nchini, waulize NACTVET.